Sheshe wa Boma la Chini

Jumatatu, 4 Machi 1996

Sista Kandida, mkuu wetu wa shule, amenipa daftari hili kwa sababu niliongoza biolojia kidato cha tatu. Alisema, "Luciana, andika kwanza ulichoona. Unachofikiri kitakuja chenyewe." Basi naandika nilichoona.

Leo sheshe mwingine amekufa. Alikuwa dume mdogo, pembe hazijakomaa. Tumemkuta kwenye boma la chini amelalia miguu, pua ndani ya maji. Chini ya taya alikuwa na uvimbe laini kama kibuyu. Ni wa tatu tangu mvua zichanganye. Walikuwa kumi na saba, wamebaki kumi na wanne.

Sista anataka daftari lieleweke hata kwa mgeni, kwa hiyo naeleza. Sheshe ni swala wa bonde letu, rangi yake kama mpunga ulioiva. Mbugani wanawindwa mpaka wanapungua. Mwalimu Teofili, anayetufundisha kilimo, ndiye aliyeomba kibali shule iwafuge, ili siku moja watu wale nyama ya kufuga na wale wa mbugani waachwe. Nikiwa kidato cha kwanza nilimwona akilieleza jambo hilo ubaoni kwa mwandiko wake mzuri, nikasema moyoni, mtu aliyesoma ndivyo anavyotakiwa kuwa.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua kutwa. Mwalimu amewanywesha sheshe dawa nyeupe ya minyoo, ile ile ya tangu mwaka juzi, kila baada ya wiki mbili.

Jumanne, 12 Machi

Wamenihamishia dawati moja na Holo. Ni msichana wa Kisukuma. Baba yake alikuja bondeni na ng'ombe mia mbili, na Januari ng'ombe wa Wasukuma waliingia shamba letu kijijini Mofu wakala mpunga wa baba ukiwa umefika magotini. Sijui kama walikuwa wa kwao. Sijauliza wala sitauliza. Nimechora mstari wa chaki katikati ya dawati.

Wasichana walimwamkia Kisukuma kwa kejeli, "Mwangaluka, Holo! Ng'ombe wamelalaje?"

Akajibu bila kuinua kichwa, "Wamelala vizuri, wanawasalimu. Wanasema mpunga wenu ulikuwa na chumvi kidogo."

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka. Nilitaka kumpiga.

Jumamosi, 16 Machi

Leo ilikuwa zamu yetu ya boma, mimi na Holo. Mzee Gaudensi, mlinzi wa sheshe, alitufungulia. Kuna jike mmoja tunamwita Matroni, kwa sababu anapenda kusimama mlangoni akihesabu wanaoingia. Ana mimba. Anakula mkononi.

Holo alimshika kichwa, akavuta kope ya chini kwa kidole gumba.

"Njoo uone."

"Sina haja."

"Njoo uone, wewe unayeongoza biolojia."

Nikaona. Ndani ya kope palikuwa peupe kama mchele. Holo akasema kwao kila mtoto anayechunga anajua kuangalia hapo. Pakiwa pekundu mnyama ana damu. Pakiwa peupe, minyoo iko tumboni inamnyonya. "Na dawa anakunywa," akasema, "basi minyoo imeizoea. Inaiona kama togwa."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyelijua jambo hilo.

Jumatatu, 18 Machi

Nilimwambia Sista. Tulichukua kinyesi cha sheshe watano, tukakikoroga kwenye maji ya chumvi, tukasubiri mayai yaelee, tukaangalia kwa hadubini. Nilidhani nitaona mawili matatu. Yalikuwa yamejaa kama nyota. Na ni siku kumi na moja tu tangu wanyweshwe dawa.

Sista aliangalia tena mwenyewe kwa hadubini. Halafu akasema, "Hilo ni la mradi, na mradi ni wa Mwalimu Teofili. Mwendee kwa adabu."

Alhamisi, 21 Machi

Nimemwendea kwa adabu, na nilipotoka sikuwa nayo tena.

Nilimsubiri nje ya ofisi ya walimu. Nikasema shikamoo, nikampa karatasi yenye hesabu ya mayai. Nikamweleza na aliyoniambia Holo: kwao mama yake hufunga matawi ya mgunga zizini, mbuzi wayatafune yakining'inia. Majani yale yana ukakasi, ule unaokausha ulimi, na minyoo haiupendi. Na mnyama anayekula juu hachukui vijidudu vilivyopanda kwenye unyasi mbichi. Tena Usukumani wana malisho wanayoyaita ngitili. Wanayafunga masika yote, hakuna anayekanyaga, wanayafungua kiangazi. Nikasema tunalo boma la juu, limezungushiwa uzio tangu mwaka juzi, lina migunga tele, halina mnyama, kwa hiyo halina mayai ya minyoo.

Mwalimu alinisikiliza akipanga chaki.

"Luciana, sheshe ni mnyama wa nini?"

"Sijaelewa, Mwalimu."

"Ni mnyama wa maji. Anaishi kandokando ya mto, anakula nyasi fupi za majimaji. Imeandikwa. Ndiyo maana nikamweka chini. Mbuzi wa Msukuma ndiye anayeruka-ruka kwenye miti."

"Lakini wanakufa, Mwalimu."

"Wanakufa kwa sababu ya mvua. Dawa ni dawa. Au na wewe umehamia kwa waganga?"

Walimu wengine wakacheka. Karatasi yangu aliweka kikombe cha chai juu yake.

Ijumaa, 22 Machi

Mzee Gaudensi zamani alikuwa mvuvi na mwindaji. Nilimuuliza kama kweli sheshe hukaa majini masika yote.

"Nani kasema? Maji yakipanda, sheshe hupanda. Anakwenda kule kwenye miti, anakaa mpaka mto urudi kitandani. Ukimtafuta chini Aprili utaambulia mamba."

"Sasa mbona hukumwambia Mwalimu?"

Akatazama buti zake. "Mimi mlinzi tu, mwanangu. Sikuulizwa."

Sikuulizwa! Sheshe watatu wameoza kwenye shimo, naye hakuulizwa. Nilimwacha nikaondoka bila hata kuaga. Najua ni makosa.

Jumamosi, 23 Machi

Sista ameruhusu majani, hakuruhusu boma la juu. Mwalimu alisema sawa, "mradi msiniharibie." Mimi na Holo tumefyeka matawi ya mgunga tukayafunga kwenye nguzo, usawa wa kifua cha mnyama. Mikono imechanika. Chaki ya kwenye dawati imefutika, sikuichora tena.

Jumapili, 24 Machi

Matroni amekula mgunga. Wengine wanamtazama.

Jumatano, 27 Machi

Wote wanakula.

Jumatatu, 1 Aprili

Sheshe wanamaliza mgunga mapema kuliko tunavyoweza kukata, na wazazi wa Holo wanaishi mbali, hawawezi kutuletea matawi. Tumeongeza majani ya mihogo. Lakini mihogo ya bustani ya shule ni ile michungu, iliyopandwa pembeni ili ngiri na tumbili wasiiguse. Majani yake mabichi yana sumu. Yakikauka kabisa sumu inapungua na ukakasi unabaki. Kila mtu hapa anajua, ila masika hakuna jua la kukaushia.

Mama Yosefina mpishi ametukubalia uchanja wa juu ya meko. "Yakidondokea kwenye maharage yangu," amesema, "mtayala ninyi kabla ya sheshe." Siku tano juu ya moshi, mpaka yavunjike mkononi kama karatasi. Yanapendeza kama takataka. Tumeandika kwa makaa ukutani jikoni: MAJANI MABICHI MARUFUKU.

Jumapili, 7 Aprili. Pasaka

Barabara ya Mofu imekatika, nimebaki shuleni. Barua ya baba ililetwa na mtu wa mtumbwi. Anasema mpunga uliobaki unasimama vizuri. Anasema pia nisikae karibu na yule mtoto wa Kisukuma. Nimeisoma nikiwa nimekaa karibu naye. Alikuwa ananishikia kamba.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Vidole vinanuka moshi.

Jumamosi, 20 Aprili

Sista na mimi tumehesabu tena. Kwa sheshe wale wale watano mayai yamepungua zaidi ya nusu. Uvimbe uliokuwa umeanza kumtoka Matroni chini ya taya umekwisha. Tangu tuanze hajafa hata mmoja.

Nilikimbia kumwambia Mwalimu Teofili. Bado nilitaka afurahi, nakiri. Alisema, "Nilijua dawa itafanya kazi," akaendelea na kusahihisha madaftari.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua zinapungua. Mwalimu ametangaza mstarini kwamba tarehe kumi na tano watakuja wageni kutazama mradi: wafadhili wawili kutoka Morogoro na Bwana Nazari, afisa wa wanyamapori anayesimamia kibali. Tupake chokaa mawe ya njiani.

Jumanne, 14 Mei

Tumepaka chokaa hadi mawe ambayo hakuna atakayeyaona. Mwalimu alipita bomani, akashika majani yetu ya mihogo kwa ncha ya vidole.

"Haya nini?"

"Chakula chao, Mwalimu. Yamekaushwa."

"Yanaonekana kama uchafu wa sokoni. Kesho siyataki hapa."

Tumeyatoa yote. Nilidhani anataka nguzo zibaki tupu kwa siku moja. Siku moja si kitu. Ndivyo nilivyofikiri.

Jumatano, 15 Mei



Saa tatu asubuhi tulikuwa mstarini tukiimba wimbo wa kuwakaribisha wageni. Gari lilipofika tuliwafuata hadi boma la chini. Nilipoinua macho nikaona nguzo zote zimevikwa majani ya kijani, mengi, yanang'aa, kama kanisa siku ya Matawi. Wafadhili wakasema oo, vizuri sana. Nilijiuliza ni majani gani mapana vile. Halafu nikayajua.

Holo aliyajua kabla yangu. Alipiga kelele, "Mihogo mibichi!" Akaruka uzio akaanza kuyang'oa. Mwalimu akamfokea mbele ya wageni, "Toka humo! Una wazimu?" Nami nikaruka. Sketi ikachanika.

Sheshe walikuwa wamekula tangu alfajiri. Dume mkubwa tunayemwita Mwenyekiti alikuwa amesimama miguu imeachana, akihema mdomo wazi, ulimi nje, fizi zimekuwa nyekundu sana. Akaanguka ubavu, akapiga miguu. Jike mdogo akaanguka nyuma yake. Matroni alipiga magoti. Niliketi karibu naye nikishika kichwa chake nikimwambia inuka, inuka, kana kwamba anajua Kiswahili.

Mwenyekiti alikufa kabla wageni hawajamaliza kuulizana kuna nini. Jike mdogo alifuata.

Na Mwalimu Teofili, mwenye mwandiko mzuri, aligeuka kwa wageni akasema hivi, nayaandika kama alivyoyatamka: "Tunaomba radhi. Kuna wanafunzi walikuwa wakijaribu majani ya kienyeji. Niliwaonya."

Aliwaonya.

Nilikuwa pale, tope hadi mapajani, kichwa cha Matroni mapajani pangu, na sikusema neno. Miaka mitatu nimefundishwa kutomjibu mwalimu. Holo alikuwa anakusanya yale majani, analia bila sauti. Mzee Gaudensi alisimama langoni ameshika kofia yake.

Bwana Nazari aliandika kwenye karatasi. Kabla ya kupanda gari alisema atarudi tarehe sita Juni. Akikuta mradi uko hivi, sheshe wote watachinjwa na kibali kitafutwa.

Jioni Matroni alisimama. Sijui kwa nini yeye na si wengine. Wamebaki kumi na wawili.

Alhamisi, 16 Mei

Mwalimu amepiga marufuku majani ya aina yoyote. Sheshe wamerudi kwenye unyasi mtupu wa chini na dawa nyeupe.

Bwenini wanasema Msukuma ameleta sumu ili tukose nyama na wao wauze ng'ombe. Aliyesema kwa sauti kubwa ni Agnetha, ambaye Aprili alikuwa anatuomba zamu ya kulisha.

Nilimuuliza, "Nani aliyeyabeba yale majani jana asubuhi?"

"Kidato cha kwanza. Walitumwa."

"Walitumwa na nani?"

Akageuka akaanza kutandika kitanda. Anajua. Kidato cha kwanza wanajua. Shule nzima inajua, na shule nzima inatazama buti zake.

Jumatatu, 20 Mei

Holo amefunga sanduku lake. Amesema anarudi kuchunga, ng'ombe hawasingizii mtu. Nimelikalia sanduku.

"Shuka, Luciana."

"Sishuki."

"Nitaliburuta na wewe juu yake."

"Buruta."

Aliburuta kweli, hadi mlangoni. Ana nguvu za kufukuza fahali. Halafu akaketi sakafuni tukacheka mpaka tukalia. Nikamwambia kuhusu mpunga wa baba, na mstari wa chaki, na kwamba nilitaka kumpiga. Akasema, "Mstari niliuona. Ng'ombe walioingia kwenu huenda walikuwa wetu. Sijui. Baba naye hapendi kuulizwa."

Sanduku limerudi chini ya kitanda.

Jumamosi, 25 Mei

Kope za Matroni zimeanza kufifia. Siku tisa tu bila majani.

Nimemwendea Mzee Gaudensi tena. Safari hii nilisema shikamoo vizuri na kupiga goti.

"Babu, ni wewe uliyefungua lango asubuhi ile?"

"Ndiyo mimi."

"Na uliyaona majani?"

"Niliyaona."

"Uliyajua?"

"Mihogo ile niliipanda mimi, mwanangu. Kila shina."

"Kwa nini hukusema?"

"Alisema, Gaudensi, leo usiniletee ushamba wako mbele ya wageni. Nikafunga mdomo. Nina miaka sitini na minne. Nikifukuzwa hapa nitakwenda wapi?"

Nilikuja na hasira ya kummwagia, nikashindwa pa kuimwaga. Lakini sikumsamehe. Nilimwambia, "Bwana Nazari anarudi tarehe sita. Safari hii nakuuliza mimi. Kwa hiyo umeulizwa."

Alhamisi, 30 Mei

Sista Kandida nimemkasirikia pia, naandika hivyo katika daftari alilonipa mwenyewe. Alijua hesabu ya mayai tangu Machi. Nilimwambia. Hivyo hivyo nilivyoandika. Hakunifukuza. Alisema, "Umeandika ulichoona?" Nikasema yote, kwa tarehe. "Basi siku hiyo uje nalo."

Alhamisi, 6 Juni

Bwana Nazari alifika saa nne. Ni mtu mfupi mwenye tumbo na macho ya haraka. Tulikuwa sita bomani: yeye, Sista, Mwalimu, Mzee Gaudensi, Holo na mimi.

Mwalimu alianza kueleza habari za majani ya kienyeji. Nikasema, "Si kweli."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga.

"Luciana!" akasema Mwalimu.

"Si kweli, Mwalimu. Majani yetu yalikaushwa siku tano. Wewe ndiye uliyesema yanaonekana kama uchafu. Wewe ndiye uliyetuma kidato cha kwanza wakate mabichi, ili papendeze." Nikafungua daftari nikasoma. Nilisoma Machi kumi na nane, Aprili ishirini, Mei kumi na nne. Nilisoma na maneno ya kikombe cha chai. Mwalimu alinikatiza, akasema mtoto huyu hana malezi. Sikuacha kusoma.

Bwana Nazari akauliza, "Kuna mtu mzima aliyeyaona haya?"

Nilisikia mto.

Mzee Gaudensi akavua kofia. "Mimi. Niliyaona yakifungwa, na aliyeamuru ni Mwalimu. Na kuna jingine, mkubwa. Sheshe hakai chini masika. Hupanda. Tumewafungia mahali wanapopakimbia wenzao."

"Sasa mzee, mwaka wa pili huu, mbona hukusema?"

"Nilikuwa sijaulizwa."

"Nani kakuuliza leo?"

Akaninyooshea kidole.

Holo alimleta Matroni, akavuta kope. Palikuwa na wekundu hafifu, kama mtu aliyesuuza kitambaa chenye damu. "Mei tarehe kumi palikuwa hivi," akasema, akaonyesha ufizi wake mwenyewe. Bwana Nazari akainama akatazama kope, akatazama ufizi, akasema, "Binti, funga mdomo, nimeamini." Akatoka kwenda kuliona boma la juu, akalizunguka lote kwa miguu, akarudi amejaa mbigili kwenye suruali.

Hawachinjwi. Boma la chini linafungwa mpaka kiangazi kikomae. Lango la juu lifunguliwe leo hii. Atarudi Septemba kuangalia.

Walisita langoni. Halafu Matroni akapita kwanza, akasimama, akatazama wanaoingia.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepewa adhabu ya kufyeka wiki mbili kwa kumjibu mwalimu mbele ya mgeni. Sista ndiye aliyeitoa. Akasema, "Ulisema kweli, na ulikosa adabu. Hayo mawili hayafutani." Nafyeka njia ya boma. Hasira haijaisha. Nilidhani itaondoka siku nikishinda, lakini Mwenyekiti bado yuko shimoni, na Mwalimu bado anafundisha kilimo kila Jumanne.

Leo alikuja. Nilisikia viatu vyake, nikaendelea kufyeka. Sikumwamkia. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kutomwamkia mkubwa, na panga lilikuwa zito ghafla.

Alisimama akiangalia juu, kwenye migunga. Sheshe walikuwa wamesimama chini ya matawi wakinyoosha shingo.

"Yale majani," akasema, "mnayaanika siku ngapi?"

Nilifyeka mara mbili zaidi. Hakuondoka. Akauliza tena.

"Kiangazi siku tatu juani," nikasema. "Masika siku tano juu ya meko. Mpaka yavunjike."

Akatoa kalamu mfukoni. Hakuwa na karatasi, akaandika kwenye kiganja. Mwandiko wake ni mzuri hata pale.

"Mpaka yavunjike," akarudia.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

Akaitikia marahaba, akaondoka, mkono ameuacha wazi ili wino ukauke.